Tiki na Umeme: Mkononi, Juu ya Fuvu, Ndani ya Ubongo, au Mafunzo ya Tabia Kwanza?

Ukisikia kwamba kuna kifaa kinachofungwa mkononi mithili ya saa na kupunguza tiki, lazima upate matumaini. Mzazi ambaye mtoto wake anapepesa macho, anatikisa shingo na kukohoakohoa darasani hadi wenzake wanamgeukia hahitaji kushawishiwa sana. Wala mtu mzima aliyezoea kuketi safu ya nyuma kabisa ukumbini ili asitazamwe. Shida huanza pale unaposoma zaidi na kugundua kwamba umeme wenyewe si wa aina moja. Upo unaopitishwa kwenye neva ya mkono. Upo unaoufikia ubongo kupitia fuvu bila kukata ngozi. Upo unaopelekwa kwa upasuaji hadi kwenye viini vya ndani kabisa vya ubongo. Na kabla hujaamua, daktari naye anakuambia uanze na mafunzo ya tabia, ambayo hayana umeme hata chembe.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne. Dawa kama klonidini, guanfasini na aripiprazoli sijaziingiza kwenye mizani, kwa sababu huweza kwenda sambamba na yoyote kati ya hizi nne, na uamuzi wake unastahili mjadala wake. Nitakalosema juu yake ni moja tu: anayezitumia asiziache ghafla kwa kuwa amepata kifaa. Baadhi yake, klonidini ikiwemo, zikikatwa kwa mkupuo zinaweza kupandisha shinikizo la damu.

Mambo mawili kuhusu tiki yanayoathiri uchaguzi

Tiki ni mwondoko au sauti fupi ya ghafla inayojirudia bila mtu kukusudia. Mtu huambiwa ana Tourette akiwa na tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, zikiwa zimedumu zaidi ya mwaka mmoja na zilianza kabla hajatimiza miaka 18. Jina hilo limetoka kwa daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, aliyeieleza hali hii mwaka 1885. Mwenye tiki za mwili pekee au za sauti pekee kwa zaidi ya mwaka husemwa ana tiki sugu, na mengi ya yaliyomo humu yanamhusu pia.

Jambo la kwanza ni kwamba wengi huhisi kitu kabla tiki haijatoka: mkazo, mwasho au shinikizo mahali fulani mwilini, kama chafya inayokaribia. Tiki ikishatoka, hisia ile inatulia kidogo, kisha inarudi. Njia karibu zote za tiba zinajaribu kuukata mzunguko huo mahali fulani.

La pili ni kwamba tiki hupanda na kushuka zenyewe. Wiki mbili ngumu zinaweza kufuatwa na wiki tatu za afueni bila yeyote kufanya lolote. Watu hutafuta tiba tiki zikiwa kileleni, na kitakachoanzwa wakati huo, kiwe kifaa, kidonge au sharubati, kina nafasi nzuri ya kuonekana kimefanya kazi. Isitoshe, kwa watoto wengi tiki huwa kali zaidi kati ya miaka 10 na 12, kisha hupungua kuelekea mwisho wa ujana. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata wa mkweli kabisa, hautoshi kukuongoza.

Vigezo vya kulinganishia

Nitaziuliza njia zote nne maswali yaleyale. Inafanyaje kazi? Ushahidi wake una uzito gani ukilinganishwa na kifaa cha kuzuga (kinachofanana na kile halisi lakini hakitoi tiba yenyewe) au tiba ya kawaida? Nafuu inadumu kwa muda gani? Ina madhara gani? Inakudai nini kila siku: muda, safari, nidhamu? Mwisho, inamfaa nani?

Katika ushahidi kuna mtego ambao ni vizuri kuujua mapema. Tafiti nyingi hutumia kipimo kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kutangazwa mwaka 1989. Mtaalamu humhoji mgonjwa kuhusu wiki iliyopita na kutoa alama kwa mambo matano: idadi ya tiki, mara zinazotokea, nguvu yake, ugumu wa muundo wake, na kiasi zinavyomkatiza mtu shughuli. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 5, kwanza kwa tiki za mwili, kisha kwa tiki za sauti. Jumla ya juu kabisa ni 50. Halafu kuna alama nyingine 50 za jinsi maisha yanavyovurugika. Utafiti mmoja huripoti kati ya 50, mwingine kati ya 100. Mtu akikuambia njia fulani imeshusha pointi 30 na nyingine pointi 7, muulize kwanza: kati ya ngapi?

Inafanyaje kazi

*Mafunzo ya tabia.* Mizizi yake ni kazi ya Azrin na Nunn ya mwaka 1973 kuhusu namna ya kuyapindua mazoea. Mwenye tiki hufundishwa kwanza kuitambua ile hisia inayotangulia, kisha kufanya tendo linaloizuia tiki isitoke. Tuseme tiki yako ni kurusha kichwa upande. Unapohisi shingo inaanza kukaza, unakiinamisha kidevu kidogo, unaikaza misuli ya shingo taratibu huku ukitazama mbele, na kubaki hivyo kwa dakika moja au hadi msukumo upite. Anayekutazama hatagundua kitu. Unaifanyia kazi tiki moja, ukiimudu unahamia inayofuata, na pamoja na hayo mnachambua mazingira yanayozichochea: uchovu, kelele, kusimangwa, au mtu kukuambia "acha hiyo tabia".

*Umeme wa mkononi.* Neva ya mediani hupita katikati ya kifundo cha mkono, upande wa ndani. Pedi mbili hubandikwa hapo na umeme mdogo hupitishwa kwa mapigo ya mdundo maalumu, takriban 10 hadi 12 kwa sekunde. Umeme ukipandishwa polepole unaanza kwa kutekenya, kisha kidole gumba kinaruka kidogo. Hiyo ni dalili kwamba neva yenyewe imeguswa. Wazo hili limetoka kwa timu ya Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, inayoongozwa na profesa Stephen Jackson. Walianza na jambo linalofahamika: sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na mwendo zina mawimbi ya kasi ya takriban mizunguko 8 hadi 14 kwa sekunde, na mawimbi hayo huimarika mwili unapotulia. Wakajiuliza kama mdundo unaotoka mkononi unaweza kuyavuta mawimbi hayo na kuifanya tiki ikose nafasi ya kutoka.

Maelezo hayo yanavutia, lakini bado yana ubishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa watu 32 mapigo ya mdundo sawa na pia mapigo yasiyo na mpangilio. Tiki zilipungua kwa yote mawili, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yake. Ikiwa mdundo wenyewe ndio siri, mapigo yaliyovurugwa yalipaswa kushindwa. Huenda kinachosaidia ni hisia mpya mkononi inayoushughulisha ubongo, au umakini wa mtu kuhamia kwingine, au matarajio. Kwa mgonjwa, jambo hili si la wanazuoni peke yao. Ndilo linaloamua kama kifaa lazima kiwe cha mdundo fulani, au kama anayekiuza ameshikilia nadharia tu.

*Umeme kupitia fuvu.* Hapa kuna njia mbili. Moja hutumia koili ya sumaku inayowekwa juu ya kichwa na kuamsha umeme katika tabaka la juu la ubongo, mara nyingi eneo la mbele-kati linaloandaa miondoko. Nyingine hupitisha mkondo hafifu, wa miliampia 1 hadi 2, kupitia pedi mbili zenye unyevu. Lengo la zote mbili ni kulipunguzia kasi eneo ambalo kwa wenye tiki huwaka kupita kiasi.

*Umeme wa ndani ya ubongo.* Daktari wa upasuaji hupitisha nyaya nyembamba hadi kwenye thalamasi au kwenye globasi palidasi, viini vinavyoratibu mwendo. Nyaya hizo hushushwa chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani, chini ya mtulinga. Umeme hufanya kazi usiku na mchana, na nguvu yake hurekebishwa kutoka nje kwa kifaa maalumu. Mgonjwa wa kwanza wa Tourette kufanyiwa hivyo aliripotiwa mwaka 1999 na madaktari wa Uholanzi.

Ushahidi una uzito gani

Mafunzo ya tabia ndiyo yenye msingi mpana zaidi. Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti wa Marekani wa watoto na vijana 126 wa miaka 9 hadi 17. Waliopata mafunzo walihudhuria vikao 8 katika wiki 10. Wenzao walipata muda uleule wa ushauri na elimu kuhusu tiki. Waliopata nafuu ya kuonekana walikuwa asilimia 52.5 dhidi ya 18.5. Kwa kipimo cha Yale cha 50, kundi la mafunzo lilishuka kutoka 24.7 hadi 17.1. Kwa watu wazima, katika utafiti wa mwaka 2012 wa watu 122, walionufaika walikuwa asilimia 38.1, pungufu ya watoto lakini si haba. Mafunzo ya kupitia intaneti nayo yamepimwa: nchini Uingereza watoto na vijana 224 walishiriki utafiti uliotangazwa mwaka 2021, na waliofundishwa mtandaoni kuukabili msukumo bila kuiachia tiki itoke walishuka pointi 4.5, ilhali waliopewa elimu tu walishuka 1.6.

Umeme wa mkononi ulianza na watu 19, katika utafiti wa Nottingham wa mwaka 2020. Tiki zilipungua kwa idadi na kwa nguvu wakati umeme ukipita. Watu 19 ni wachache, na kila mmoja alijua umeme unapopita. Jaribio lililofuata, lililotangazwa mwaka 2023, lilikuwa zito zaidi. Watu 121 kutoka sehemu mbalimbali za Uingereza, wa kuanzia miaka 12, waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu: umeme halisi, umeme wa kuzuga, na kundi lililosubiri huku likiendelea na tiba yake ya kawaida. Walijitumia kifaa nyumbani dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4. Kundi la umeme halisi lilishuka pointi 7.1 kwa kipimo cha Yale. La kuzuga lilishuka 2.13 na la kusubiri 2.11. Katika kundi la umeme halisi, asilimia 59 walipungukiwa na tiki kwa robo au zaidi wakati wa matumizi.

Angalia jinsi kundi la kuzuga na lile lililosubiri tu yalivyolingana. Kwangu hilo ndilo jambo lenye nguvu kuliko yote katika jaribio hilo, maana kama matarajio pekee yangetosha, waliovaa kifaa cha kuzuga wangewapita wale ambao hawakupewa kitu. Hata hivyo, ni jaribio moja, la timu iliyobuni kifaa chenyewe na yenye kampuni ya kukiendeleza. Nasema hivyo bila kumtuhumu mtu. Ndivyo vifaa vingi vinavyozaliwa. Lakini mpaka timu nyingine isiyo na maslahi ipate matokeo yaleyale, na utafiti wa St. Louis ukiwa umeshatia shaka juu ya mdundo, naona tuseme kwamba njia hii ina dalili njema, bila kuvuka hapo.

Pointi 7.1 za mkono na pointi 7.6 za mafunzo ya watoto zinakaribiana, na zote ni kati ya 50. Usikimbilie kusema zinalingana. Washiriki walikuwa tofauti kwa umri na kwa ukali wa tiki, na tafiti hizo hazikupambanisha njia hizo mbili uso kwa uso. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kifaa cha mkononi hakikuvuma kwa sababu ya kuipita njia ya kwanza. Kimevuma kwa sababu mafunzo hayapatikani kila mahali, na yana watu yasiowafaa.

Kwa fuvu, habari ni fupi. Ripoti za mwanzo za sumaku zilileta matumaini, lakini jaribio la mwaka 2015 lililotumia koili ya kuzuga kwa watu wazima 20 halikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi. Mkondo hafifu una tafiti ndogondogo zenye matokeo yasiyoelekea upande mmoja. Njia hizi hazijafungiwa mlango, ila kwa sasa mahali pake ni kwenye utafiti.

Upasuaji una takwimu zinazoshtua kwa uzuri, kisha zinazokulazimisha ufikiri tena. Rejista ya kimataifa iliyotangazwa mwaka 2018, yenye wagonjwa 185 kutoka vituo 31 katika nchi 10, ilionyesha wastani ukishuka kutoka 75 hadi 41 baada ya mwaka mmoja, kwa kipimo cha 100. Hao ni watu ambao tiki zilikuwa zimewavunja: waliojiumiza shingo, waliojigonga macho, walioacha kazi. Lakini rejista haina kundi la kuzuga. Pale wagonjwa walipojaribiwa umeme ukiwashwa na kuzimwa bila wao kujua, nafuu ilikuwa ndogo. Jaribio la London la mwaka 2015, ambalo wagonjwa 13 walilimaliza, lilipata tofauti ya takriban asilimia 15. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2017, lenye wagonjwa 16, halikupata tofauti ya kuaminika ndani ya miezi 3. Watetezi wanasema miezi 3 ni mifupi mno kwa ubongo kuzoea na kwa daktari kupata kipimo sahihi cha umeme, na hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo anayeambiwa kuhusu kule kushuka kutoka 75 hadi 41, yaani asilimia 45, anastahili kuambiwa na hizi nyingine.

Nafuu hudumu kwa muda gani

Ujuzi wa mafunzo ya tabia hubaki na mtu. Katika utafiti ule wa mwaka 2010, miongoni mwa waliopata nafuu na kupimwa tena, asilimia 87 bado walikuwa nayo miezi 6 baada ya mafunzo. Akilegea, vikao vichache vya kukumbushana humrudisha.

Umeme wa mkononi hufanya kazi zaidi wakati unapita. Hata hivyo kipimo cha Yale huuliza habari za wiki nzima, kwa hiyo zile pointi 7.1 zinadokeza kwamba nafuu haikuishia ndani ya dakika 15 za kila siku. Jaribio lenyewe lilikuwa la wiki 4. Atakayekuahidi nafuu ya mwaka mzima amekwenda mbali kuliko ushahidi ulipofika.

Upasuaji hudumu maadamu betri ipo na umeme umewashwa. Ukizimwa, tiki huweza kurudi. Kwa njia za fuvu, swali la kudumu linasubiri kwanza jibu la kama zinasaidia.

Madhara

Mafunzo hayana madhara ya mwili. Yanachosha, na mtoto anaweza kuvunjika moyo akisimamiwa kama askari. Wazazi wengi huogopa kwamba tiki zikizuiwa zitalipuka baadaye kwa nguvu zaidi. Tafiti zilizolichunguza jambo hilo hazijaunga mkono hofu hiyo.

Umeme wa mkononi huleta kutekenya, wakati mwingine maumivu kidogo umeme ukipandishwa haraka, na wekundu wa ngozi chini ya pedi. Kwa umeme wa juu ya ngozi kwa jumla kuna watu wanaopaswa kujiepusha nao au kumwona daktari kwanza: mwenye kifaa cha moyo au kifaa kingine cha umeme mwilini, mwenye kifafa, na mjamzito. Pedi haziwekwi upande wa mbele wa shingo, wala kifuani kwa namna ya kuupitisha umeme katikati ya moyo, wala juu ya kidonda. Nasisitiza hili kwa sababu mashine za umeme za kutuliza maumivu zinauzwa waziwazi, na kuna watu wanaozigeuza kuwa tiba ya tiki kwa kubahatisha. Mashine hizo hazikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo. Kwa mtoto, tafadhali usijaribu bila daktari.

Sumaku huleta maumivu ya kichwa na ya ngozi ya fuvu, na kelele zake hulazimu kuziba masikio. Mara chache sana imesababisha degedege. Mwenye chuma ndani ya kichwa hafai kuwekewa. Mkondo hafifu huwasha ngozi.

Upasuaji uko kwenye daraja lake peke yake. Katika rejista ile, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliofuatiliwa madhara walipatwa na angalau moja. Mengi yalitokana na umeme wenyewe na yaliweza kurekebishwa: ganzi na kutekenya kwa asilimia 8.2, usemi kuwa mzito kwa asilimia 6.3. Lakini asilimia 1.3 walivuja damu ndani ya fuvu, na asilimia 3.2 walipata maambukizi. Kwa wenye Tourette maambukizi yana sababu ya ziada ya kuogopwa: wapo ambao tiki zao au mawazo yanayojirudia huwasukuma kukigusagusa kidonda.

Inakudai nini

Mafunzo yanadai vikao, mtaalamu aliyefundishwa, na mazoezi ya kila siku nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 9 mara nyingi hajaweza kuitambua vizuri hisia inayotangulia, na mwenye matatizo makubwa ya umakini huchoka mapema. Mzazi naye anadaiwa kazi ngumu: kuacha kuikemea tiki, na kusifu juhudi.

Kifaa cha mkononi kinadai robo saa na uvumilivu wa kuhisi umeme. Kipo kitu hapa kisichoandikwa sana: mtu anaweza kukipangia wakati. Kabla ya mtihani wa mdomo, kabla ya safari ndefu kwenye basi lililojaa, kabla ya usaili. Kuwa na uamuzi huo mkononi mwako, baada ya miaka ya mwili kukuamulia, kuna thamani ambayo alama za Yale haziipimi.

Sumaku inadai kwenda kituoni karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Upasuaji unadai uchunguzi wa muda mrefu, siku za wodini, miezi ya kurudi kurekebisha umeme, na kubadilishiwa betri kwa upasuaji mwingine mdogo baada ya miaka kadhaa. Anayeishi mbali na kituo anapaswa kulipima jambo hili kwa uzito sawa na upasuaji wenyewe, kwa sababu nyaya zisizorekebishwa na mjuzi hazina faida.

Uchague kwa hali yako

*Tiki zipo lakini hazikuzuii kitu.* Huhitaji tiba yoyote kati ya hizi. Kuwaelimisha walimu, ndugu na wafanyakazi wenzako kunaweza kutosha, na kwa mtoto, miaka yenyewe iko upande wake.

*Tiki zimeanza ghafla ukubwani au katikati ya ujana, nyingi na nzito ndani ya siku chache.* Rudi kwanza kwenye utambuzi. Tourette kwa kawaida huanza utotoni na taratibu, mara nyingi usoni na shingoni. Ipo hali nyingine inayofanana nayo kwa nje na inayotibiwa tofauti kabisa. Umeme utakupotezea muda.

*Kinachokuumiza zaidi si tiki, bali wasiwasi, mawazo yanayojirudia au kukosa umakini.* Hali hizi huandamana sana na Tourette. Anza na hiyo inayouma. Mara nyingi mtoto anaporomoka shuleni kwa sababu ya umakini, na tiki, kwa kuwa ndizo zinazoonekana, zinabeba lawama zote.

*Tiki zinauma au zinaaibisha, na mtaalamu wa mafunzo yupo, hata mtandaoni.* Anza na mafunzo. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa fahamu wa Marekani wa mwaka 2019 pia unayatanguliza mbele ya dawa, na sababu yake ni nyepesi: ushahidi mzuri, madhara kidogo.

*Mafunzo umeyajaribu kwa dhati yakashindikana, au hayapatikani, au unahitaji msaada kwa saa fulani maalumu.* Huyu ndiye umeme wa mkononi unaweza kumfaa, akiwa na umri wa miaka 12 au zaidi, bila kifaa cha umeme mwilini, na daktari wake akijua. Hakuna kinachomzuia kuuchanganya na mafunzo. Akipata nafasi ya kujiunga na utafiti, wa mkononi au hata wa fuvu, atakuwa chini ya uangalizi na matokeo yake yatawafaa wengine.

*Tiki zinakujeruhi au zimekufungia ndani, na umeshapitia mafunzo na dawa za makundi mbalimbali.* Hapo upasuaji unastahili kuzungumzwa bila woga na bila haraka. Uliza timu imewafanyia wagonjwa wangapi wa Tourette hasa, si wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka). Uliza italenga kiini gani na kwa nini. Uliza nani atarekebisha umeme miaka mitano ijayo. Akiwa ni kijana wa chini ya miaka 18, mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2015 yanataka kamati ya maadili iliangalie shauri lake kabla.

*Umeshaamua kujaribu umeme wa mkononi.* Kabla ya kuuanza, jirekodi video ya dakika tano kila siku kwa wiki mbili, saa ileile na katika shughuli ileile, na uandike usingizi wako na yaliyokusumbua siku hiyo. Endelea hivyo hivyo katika wiki nne za matumizi. Kisha mpe mtu asiyejua ipi ni ya lini azihesabu tiki katika video hizo. Hesabu ikishuka kwa robo au zaidi, una sababu ya kuendelea na kuzungumza na daktari juu ya hatua inayofuata. Isiposhuka, kifaa kirudishe, na wakati huo uwe tayari umeshaomba miadi ya mafunzo.